Jina Chini ya Shuka

Nyandwi alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Aliogopa ng'ombe wa Mulenge walipoteremshwa barabarani, aliogopa malori ya mchele kutoka Sange, aliogopa ziwa likichafuka hata kama yeye mwenyewe yuko nchi kavu, jikoni kwake. Watu wa Uvira walimcheka. Mwanamke anashika damu na usaha kutwa nzima, kisha mbuzi akipiga chafya nyuma yake, anaruka! Lakini mimi niliyewaona wauguzi wengi nawaambia, afadhali mara mia kushikwa na mwoga kuliko kushikwa na shujaa. Mwoga hakuumizi, maana yeye mwenyewe anaogopa kuumia.

Masera, wale watawa wa hospitali, waliliona hilo mapema. Walimtoa kwao, bondeni, kijiji cha wakulima wa mpunga jirani na Sange, wakamfundisha kazi ya uuguzi. Jina lake lilisema yeye ni mtoto wa saba, na watoto wa saba hawana cha kuchagua. Hakupewa sindano wala dawa za kuchanganya. Alipewa meza ya kupimia, shuka nne na mito miwili. Kazi yake ilikuwa kumlaza mgonjwa vile inavyotakiwa na kumfunika vile inavyotakiwa, ili daktari akiingia akute kila kitu tayari.

Msiidharau kazi hiyo. Masera mmoja mzee, mkali ajabu, alimfundisha mwezi mzima kwa kumlaza yeye mwenyewe mezani, ajue aibu yake ilivyo. "Shuka kwanza, nguo baadaye," alisema. Mgonjwa anafunikwa kwanza, ndipo nguo inatolewa kwa chini, kwa vidole, macho yakiangalia kwingine. Anayepimwa tumbo analala chali, mto chini ya kichwa, magoti yameinuka kidogo ili tumbo lilegee. Anayepimwa mgongo analala ubavu, magoti ameyavuta, na shuka inakunjwa mpaka mgongo peke yake uonekane. Ni kama kufungua dirisha moja, nyumba nzima ikabaki imefungwa. Na uso usifunikwe kamwe. Anayefunikwa uso ni maiti, masera alisema, na maiti hana haja ya kupimwa.

Nyandwi aliishika kazi hiyo vizuri mno. Wamama walioshuka milimani na mimba zao, waliokuwa wameapa kwamba mzungu hatawaona tumbo hata wafe, walikuja wenyewe wakiuliza, "Ule Nyandwi iko? Kama haiko, twarudi." Kwake hakuna aliyevuliwa. Mtu aliingia amevaa, akatoka amevaa, na katikati hakuelewa ni saa ngapi alikuwa uchi.

Sasa sikilizeni jambo la pili, maana bila hilo habari hii haina miguu.

Kwao Nyandwi, na kwa wengi wa bonde la Ruzizi, mke hataji jina la baba mkwe wake. Hataji kwa hasira, hataji kwa utani, hataji akiwa peke yake shambani. Hamshiki mkono, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani anaingia majanini mpaka mzee apite. Baba mkwe wa Nyandwi aliitwa Nizigiyimana. Mimi nalitaja kwa sababu si mkwe wangu. Jina hilo kwa Kirundi maana yake ni kwamba nimemtumaini Mungu, na hapo ndipo palikuwa na tabu, kwani sala za kanisani zimejaa maneno hayohayo. Padri alipofika mahali pa kusema tunamtumaini Mungu, waumini wote walisema, na Nyandwi akafumba mdomo. Miaka saba ya ndoa hakumaliza sala ile hata mara moja.

Nyumbani alimwita Baba Pierre, kwa jina la mtoto wa kwanza wa mzee, kaka yake mume. Hivyo ndivyo wake wote wa kule wanavyowaita wakwe zao, na hakuna anayepotea.

Na adhabu ya kulitaja je? Nyandwi aliiona kwa macho yake. Jirani yake Nkeshimana aliteleza ulimi siku moja kwenye msiba, jina la mkwe likamtoka mbele za watu. Kabla wiki haijaisha alikuwa amerudishwa kwa baba yake na mkeka wake kichwani. Watoto wake watatu walibaki, maana watoto ni wa ukoo wa mume. Nyandwi alikuwa na wawili, Marie na Rénovat. Rénovat alikuwa bado ananyonya. Basi mnaelewa kwa nini jina lile lilimtisha kuliko ng'ombe wote wa Mulenge.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwaka wa hamsini na sita. Cyprien, infirmier, yaani muuguzi wa upande wa wanaume, alikuwa ameitwa Sange kuchanja watoto. Cyprien ndiye aliyewapanga wagonjwa, akawaita kwa majina yao, akaziweka fishi zao, zile karatasi za ugonjwa, mezani kwa Daktari moja juu ya nyingine. Bila yeye, fishi zililala zimechanganyika, na Nyandwi hakuruhusiwa kuigusa meza ile hata kwa kupangusa vumbi.

"Leo wanaume pia, weye," Daktari alimwambia. Alikuwa Mbelgiji mrefu, mwenye haraka, si mtu mbaya. Kiswahili chake alikisoma katika kitabu melini, alipofika Uvira akasahau nusu. Alibaki na lala, pumua, nyamaza na shika, na mengine machache. Kifaransa cha Nyandwi nacho kilikuwa cha kuhesabu mashuka. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa mikono zaidi kuliko kwa midomo.

Wanaume wanne wa kwanza walipita salama. Mmoja wao alikuwa seremala kutoka Makobola, mtu wa makamo aliyeitwa Pierre, mwenye kifua kibaya. Daktari alimpima mgongo, akaandika kwenye fishi yake kwamba apigwe penisilini, akamwambia asubiri nje. Pierre akaenda kujinyoosha kwenye jua nyuma ya nyumba. Nyandwi akabadilisha shuka, akafungua mlango kumwita wa tano.

Wa tano alikuwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa amekaa benchini, amejifunga blanketi mpaka masikioni, anakohoa kikohozi kinachomkunja mwili mzima. Kando yake alikaa mke wake Generose, mama mkwe wa Nyandwi. Walikuwa wamekuja juu ya magunia ya mchele, kwenye lori la alfajiri.  Nyandwi alishika mlango.

"Cyprien iko wapi?" Generose aliuliza.

"Ameenda Sange, Mama."

"Sange! Sisi twatoka Sange, naye anaenda Sange! Na nani atamulaza huyu?"

 Generose alimtazama Nyandwi kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu, akaelewa, akapiga kofi mapajani. "Yo! Ni weye! Mukazana, muke wa mwana, amuvue mukwe! Dunia imefika hapo?"

"Turudi," mzee alisema, akajaribu kusimama, kikohozi kikamrudisha benchini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kila mtu pale aliona kwamba huyo harudi popote.

Generose alimvuta Nyandwi pembeni. "Sikia, Mama Marie. Usimuone, asikuone. Na mudomo wako uchunge sana. Ukiteleza leo, utalala kwa baba yako, na watoto minye nitawalea." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha kufunga mlango wa kuku, na hilo lilimtisha Nyandwi zaidi.

Ndani, mzee alisimama amegeukia ukuta. Hakuweza kumsemesha mke wa mwanawe ana kwa ana, basi akausemesha ukuta. "Ukuta," alisema, "mwambie huyo mwanamke anifunike uso. Nikifunikwa uso, hatakuwa ameniona."

Nyandwi alilikumbuka somo la masera, lakini masera alikuwa mbali, na Generose alikuwa nje ya mlango. Akaitikia kwa kichwa, ingawa mzee hakumuona. Alikunjua shuka kubwa, akaishika juu kwa mikono miwili ikawa pazia, akafumba macho. Alisikia meza ikilia mzee alipopanda. Alisikia akijilaza ubavu, uso ukutani. Akaishusha shuka taratibu ikamfunika kuanzia utosini hadi nyayo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nyandwi aliingiza mkono chini ya shuka, akatafuta fundo la nguo kiunoni, akalifungua. Vidole vyake viligusa ngozi ya mzee, ngozi ya moto, ya homa, naye akahisi mwili wa mzee ukikakamaa kwa aibu. Wote wawili waliacha kupumua. Jasho lilimtiririka Nyandwi mgongoni. Alitoa nguo, akaikunja bila kuiangalia, akayavuta magoti ya mzee juu kidogo kidogo, akaikunja shuka nyuma mpaka ukaonekana mgongo tu, mifupa imechomoza.  Nyandwi alijisemea moyoni, imekwisha, Bikira Maria, imekwisha.

Masikini, hata haikuwa imeanza.

Daktari aliingia akikausha mikono. "Jina?"

Nyandwi alijibu kama alivyozoea nyumbani. "Baba Pierre."

Basi fikiria mzungu yule. Tangu asubuhi mpaka jioni kila mwanaume anaitwa baba: baba huyu, baba yule, karibu baba, kaa baba. Kwake lilikuwa neno la heshima tu, kama mesye ya kwao. Alichosikia ni Pierre. Alipekua zile fishi, akaona Pierre, akaona mgongo wa mtu wa makamo au zaidi, mtu anayekohoa. Akafikiri Nyandwi amemrudisha seremala kwa ajili ya sindano yake. Kama angeuona uso, angejua mara moja. Lakini uso ulikuwa chini ya shuka.

Aliweka sikio la chuma mgongoni, akasikiliza mara mbili, akatikisa kichwa. Kisha akageukia meza ya dawa. Nyandwi alikuwa ameshika bega la mzee kwa mkono wa kushoto na magoti kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa, mgonjwa asibiringike. Alisikia kioo kikigongana na kioo. Akainua macho.

Chupa aliyoishika Daktari ilikuwa ndogo, ina kifuniko cha mpira, na ndani yake dawa nyeupe, nzito, kama maji ya kuoshea mchele. Nyandwi aliijua dawa ile. Mwaka uliopita, katika chumba hichohicho, Cyprien alimpiga mzee huyu penisilini kwa ajili ya kidonda. Sindano haijapoa, midomo ikavimba, koo likaziba, mzee akaanguka akijikwaruza shingo. Daktari mwenyewe alipiga magoti sakafuni akamchoma dawa nyingine, akamsugua kifua, akatukana kwa lugha yake, mpaka mzee akarudi. Siku ile Daktari aliandika kwenye fishi kwa wino mwekundu, akawakusanya wote, akalisema jina la mzee silabi moja moja ili hata wafagizi walijue: huyu, penisilini, hapana milele. Ya pili itamuua.



"Daktari, hapana!"

"Shika," alisema Daktari. Hapana alikuwa ameisikia tangu asubuhi. Kila mtu akiona sindano anasema hapana.

"Pierre hapana! Daktari! Pierre hapana!"

Hapo Daktari alisimama, sindano juu. Aligeuza kichwa. "Ce n'est pas Pierre?" akauliza. Nyandwi alielewa: anauliza kama huyu siyo Pierre. Mungu mkubwa, ameelewa! Ili asikosee tena, Nyandwi aliacha Kiswahili cha nyumbani, akatafuta kile cha kitabu, kile alichosomea Daktari melini, kilichonyooka.

"Si Pierre!" alisema kwa nguvu. "Si Pierre, Daktari, si Pierre!"

Jamani, lugha. Kwa Kiswahili neno si ni kukataa. Kwa Kifaransa, mtu akikuuliza kama kitu siyo, nawe ukajibu si, umesema ndiyo, ndicho hasa. Nyandwi alikataa mara tatu, na Daktari alisikia ndiyo mara tatu. Alifurahi hata.

"Bon," alisema, akatoa hewa kwenye sindano. Tone moja likaruka.

Nyandwi hakuwa na neno lingine; hata angetaja dawa, Daktari angeona ni woga wa sindano tu. Angejua baba mkwe anaitwaje kwa Kifaransa, angesema, lakini masera hawakumfundisha; wao watajulia wapi mambo ya wakwe? Fishi zilikuwa mbali na mikono yake. Akimwachia mzee, ataanguka kwenye meza ile nyembamba. Akimshika mzungu mkono, nyinyi mliokuwepo miaka ile mnajua mwanamke mweusi aliyemshika mzungu mkono alifikia wapi. Na mzee, chini ya shuka yake, alilala kimya, akidhani bado anasikilizwa mgongo. Daktari alikwishaikunja shuka chini, akapangusa paja kwa pamba. Harufu ya dawa ya kupangusia ikamfika Nyandwi puani.

Lilikuwepo neno moja tu ambalo Daktari angelielewa. Alikuwa amelifundisha mwenyewe, silabi moja moja.

Nyandwi alimuona Rénovat. Alimuona amekaa chini, analia, na mikono inayomwinua si yake.  Alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Akafungua tena.

"Nizigiyimana!"

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka, sauti ya mtu anayeungua. Likagonga bati, likatoka dirishani, likapita benchini. "Nizigiyimana, Daktari! Ni Nizigiyimana!"

Sindano ilikuwa imeshagusa ngozi. Daktari aliurudisha mkono nyuma kama aliyeshika kaa la moto. "Nizigiyimana?" Alizunguka meza, akainua kona ya shuka pale kichwani, akaangalia, akaishusha. Uso wake uliishiwa damu. Aliiweka sindano kwenye sahani, ikalia, naye akakaa kwenye kiti chake, akajifuta paji la uso kwa mkono uliokuwa bado na pamba.

 Nje, hata wanaokohoa waliacha kukohoa. Kisha mlango ukafunguliwa, na Generose akasimama pale, hakuna aliyemkaribisha.

"Nani?" aliuliza.

Nyandwi alikuwa bado ameshika bega na magoti. Hakuthubutu kuachia. 

"Nauliza, nani amelitaja jina la muzee?"

"Ni minye, Mama."

"Ni weye."

"Ni minye. Mama, ile dawa, ile ya mwaka jana, alitaka…"

"Sikuuliza dawa." Sauti ya Generose ilikuwa ndogo sana. "Benchi nzima imesikia. Watu wa Sange wako pale, wamesikia. Weka hayo mashuka chini, mwanangu. Uende kwako ufungashe."

Nyandwi aliachia. Mikono yake ilikuwa imeganda, ikafunguka kidole kimoja kimoja. Aliona yote yamekwisha, ndoa, watoto, nyumba, na cha ajabu hakulia. Alikuwa ameogopa hata machozi hayakupata njia.

"Karame!"

Sauti ilitoka chini ya shuka. Wote wawili waligeuka.

Karame ni neno la kuitikia. Mkubwa akikuita, chifu, baba yako, mtu ambaye ana haki ya kukuita, unajibu karame, yaani umekubali kuitwa naye. Mtoto anamjibu mzazi. Mzee hamjibu mke wa mwanawe hivyo. Haijawahi kusikika, si bondeni, si milimani.

"Karame," mzee alisema tena. Shuka ilisogea. Mkono mkavu ulitoka, ukaivuta chini kutoka usoni, na mzee akajigeuza kwa tabu, akajifunga shuka kifuani. Aliangalia sindano iliyolala kwenye sahani, na ile chupa nyeupe kando yake. Mkono ukampanda wenyewe mpaka shingoni, ukabaki pale. Kikohozi kilimkamata, kikamwachia.

"Baba Pierre, lala," Generose alisema. "Ujifunike uso."

Mzee hakujifunika. Alimgeukia Nyandwi, akamtazama machoni, mara ya kwanza katika miaka saba. Nyandwi alitaka kuangalia chini, shingo ikakataa.

"Niite tena," mzee alimwambia.

"Baba, siwezi."

"Weye mwenyewe. Paza sauti, wale wa benchini wasikie vizuri. Wasije wakasema hukuitikiwa."

Mlango ulikuwa wazi. Nyandwi alimwangalia mama mkwe wake, akaona midomo imekazwa na macho yanahangaika, mara kwa mume, mara kwenye ile sahani.  Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake, na akiwa bado anaogopa, akaita.

Na mzee akaitika, kwa sauti yote iliyobaki katika kifua chake.